Ila Asiyoiona Mnunuzi



Ndugu msomaji, likizo iliyopita shangazi yangu alininyamazisha kwa aya ya Qur'ani. Mimi ndiye ninayesomea masomo ya Kiislamu. Yeye anauza vitambaa vya kufuma sokoni Bwera. Nilikaa siku mbili bila jibu. Makala haya ni jibu langu, na ndani yake mna swali ambalo naamini si la wafumaji peke yao: je, ni wajibu kumwambia mnunuzi ila ambayo hataiona mwenyewe?

Kisa ni hiki. Shangazi alinifundisha kufuma kwa sindano ya kroshia nikiwa msichana mdogo. Kila likizo ninaporudi nyumbani Kasese, yeye hunipa kazi moja au mbili za wateja wake nipate nauli ya kurudia chuoni. Safari hii ilikuwa shali ya lesi. Aliyeiagiza ni mama mmoja wa Kasindi, ng'ambo ya mto Lubiriha upande wa Kongo, ambaye huvuka mpaka wa Mpondwe siku za soko. Binti yake alikuwa anaolewa, naye alitaka shali nyeupe, nyepesi, ya kumfunika mabega kanisani. Tulipatana shilingi 70,000, akatanguliza nusu, tukapanga siku ya kuichukua.

Wepesi wa shali ya lesi hautokani na uzi mwembamba peke yake. Uzi wangu wa pamba ungetosha sindano ndogo ya milimita 2, lakini nilitumia ya milimita 3.5 ili vitanzi vikae wazi na kitambaa kipitishe hewa. Unaanzia katikati ya ukingo wa juu na vitanzi vichache, kisha kila safu unaongeza mwanzoni, mwishoni na katikati, mpaka pembetatu inapanuka kama mabawa ya ndege. Safu ya kwanza inamalizika kwa dakika moja. Safu ya 40 inakula saa nzima.

Nilipofika safu ya 44 niliikunja shali katikati, ncha kwa ncha, nione inavyokaa. Bawa la kushoto lilikuwa fupi kwa upana wa kidole. Nilihesabu matundu kurudi nyuma hadi nikalikuta kosa: safu ya 17 nilisahau kuongeza upande mmoja. Kwa kuwa kila safu hujengwa juu ya iliyotangulia, kosa lile dogo lilipanda nalo hadi juu, na maua ya pembeni hayakulingana na ya upande wa pili.

Wanaofuma wanajua hesabu yake. Kroshia hushikiliwa na kitanzi kimoja tu kilicho hai. Ukikitoa sindanoni na kuvuta uzi, kazi ya wiki inafumuka kabla chai haijapoa. Na kwa kuwa kila safu ni ndefu kuliko ya kabla yake, kurudi safu ya 17 maana yake ni kupoteza zaidi ya robo tatu ya kazi yote. Harusi ilikuwa imebaki siku 8.

Nilipanda taksi hadi Bwera kumwonyesha shangazi. Aliigeuza mara mbili, akacheka. "Mwanangu, lesi ni matundu matupu. Nani atahesabu tundu lililokosekana?" Nikamwambia ninafikiri kuifumua. Hapo ndipo aliponipiga na aya. "Wewe si ndiye msomi? Qur'ani si imetukataza kuwa kama yule mwanamke aliyefumua uzi wake?"

Nini hasa kilichofumuliwa?

Alikuwa anaikusudia Suratun Nahl, aya ya 92, ambapo Mwenyezi Mungu anatuonya tusiwe kama mwanamke aliyeukata na kuufumua uzi wake baada ya kuwa umekwisha kuwa madhubuti. Baadhi ya wafasiri wanamtaja mwanamke wa Makka aliyekuwa akisokota mchana kutwa, kisha anaharibu kazi yake mwenyewe. Kwa shangazi maana ilikuwa wazi: kuharibu kazi ya mikono ni upumbavu uliotajwa kwenye Kitabu.

Nilirudi Kasese nikaisoma aya pamoja na jirani zake, kama walimu wetu wanavyotusisitiza. Aya ya 90 inaamrisha uadilifu na ihsani. Aya ya 91 inaamrisha kutimiza ahadi. Ndipo ya 92 inapoleta mfano wa uzi, na papo hapo inaeleza unamhusu nani: watu wanaofanya viapo vyao kuwa njia ya kuhadaana. Kwa hiyo uzi katika aya ni mfano, na kinachofumuliwa ni ahadi. Tena aya inasema uzi ule ulikuwa umekwisha kuwa madhubuti. Shali yangu ilikuwa na ila tangu safu ya 17.

Hapo nikaona kwamba aya haikuwa upande wa shangazi, lakini haikuwa upande wangu moja kwa moja pia. Nikiifumua, ninavunja ahadi ya siku. Nisipoifumua, ninavunja ahadi ya sifa. Ahadi mbili zilikuwa zinavutana kwenye uzi mmoja.

Mkataba tulioufunga

Wanafunzi wa fiqhi watakumbuka kwamba kuagiza kitu kitengenezwe kuna jina lake: istisnai. Wanavyuoni wa Kihanafi waliuruhusu mkataba huu kwa sababu watu wanauhitaji na wameuzoea, ijapokuwa kitu chenyewe hakipo siku ya kupatana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba mjini Jedda mwaka 1992, liliazimia kwamba mkataba huu unazifunga pande zote mbili masharti yake yakitimia, na miongoni mwa masharti hayo ni kubainisha sifa za kitu na muda wa kukitoa. Sifa na muda: vile vile viwili vilivyokuwa vinanivuta.

Je, kosa la upana wa kidole ni ila kweli, au ni wasiwasi wa mtu aliyesoma kidogo? Swali hili ni la haki. Mashine hufuma sweta kwa maelfu, lakini kroshia ya kweli bado ni kazi ya mkono, na mkono hauna kitanzi kinacholingana na kingine sawasawa. Tungeagizwa kutaja kila kitanzi kilichobana, hakuna ambaye angeuza hata kitambaa cha meza. Kipimo walichotuwekea wanavyuoni ni cha busara: ila ni ile inayopunguza thamani ya kitu kwa desturi ya watu wa kazi hiyo. Kitanzi kilichobana si ila. Bawa lililopungua, ambalo mfumaji yeyote angeliona akiikunja shali, ni ila.

Lakini angalia ni nani anayeijua desturi hiyo. Ni sisi wafumaji. Mama wa Kasindi hajui kuikunja lesi ncha kwa ncha. Kutojua kwake hakunipunguzii wajibu, bali kunauongeza, maana macho yangu ndiyo pekee yaliyopo. Akishindwa kuona kwa kutegemea uaminifu wangu, kisha nikafaidika na kushindwa kwake, nimekula thamani ya uaminifu huo pamoja na bei ya shali.

Mnakikumbuka kisa alichosimulia Abu Huraira (r.a.), kilichomo katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone. Mvua si kosa la mtu, na kusahau safu ya 17 si dhambi. Dhambi inaanzia pale unapouchagua upande wa rundo utakaouweka juu.

Inasimuliwa pia kwamba Imamu Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa, alimpa mshirika wake nguo yenye ila na kumwagiza amweleze mnunuzi. Mshirika akasahau, akaiuza, wala hakumjua aliyeinunua. Imamu akazitoa sadaka fedha zote za mauzo yale. Aliona ila isiyosemwa imeingia katika fedha zote, si katika ile nguo moja tu.

Hata asiye Mwislamu?

Mwenzangu mmoja niliyemsimulia aliniuliza: "Lakini huyo mama si Mwislamu. Hadithi nyingine si inasema asimuuzie ndugu yake?" Swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini katika hosteli zetu, kwa hiyo nalijibu kwa sauti ya juu. Katika kisa cha rundo la nafaka, tamko la Mtume (s.a.w.) ni la jumla: anayeghushi si katika yeye. Hakutaja ni nani anayeghushiwa. Anayetoka katika safu yake ni mwenye kughushi. Sisi Waislamu tulio wachache katika wilaya ya Kasese, majirani zetu wengi hawatafungua kitabu cha fiqhi maisha yao yote. Watatusoma kwenye mizani.

Hoja nzito zaidi ilikuwa ya shangazi, na siidharau. Alisema, "Wewe una chuo, mimi nina watoto. Kila nikisema ila, mteja anapunguza bei. Huyu wa ng'ambo hata harudi." Ni kweli, na fiqhi ya tumbo lililoshiba ni rahisi kuisema. Lakini anayepunguza bei kwa sababu ya ila hajamdhulumu muuzaji. Amelipa thamani ya kilichopo. Hasara ilitokea safu ya 17, mikononi mwangu. Kunyamaza hakuifuti hasara, kunaihamishia tu kwa mtu mwingine bila ya yeye kujua.

Basi siku ya soko nilikwenda Bwera na shali ikiwa imekamilika, kwa kuwa muda haukutosha kuianza upya. Niliitandaza mezani kwa shangazi, bawa fupi likiwa juu. Nikamweleza mama mambo matatu: aichukue kama ilivyo tukubaliane bei, au nimrudishie fedha zake zote, au niifume upya ila itapita siku ya harusi. Chaguo lilikuwa lake, na naamini hapa ndipo nilipokuwa nimekosea siku zote zile nilizokaa nikijiuliza kama nifumue au nisifumue. Nilikuwa ninapima kati ya ahadi mbili zisizo zangu peke yangu. Mwenye haki ya kuchagua ipi isamehewe alikuwa yeye.

Alitazama kimya. "Mimi sikuona kitu," alisema. "Lakini sasa naona." Akaichukua kwa shilingi 55,000.

Nitakuwa mkweli hadi mwisho. Nilikasirika. Moyoni nilitarajia aseme, "Kwa uaminifu wako, mwanangu, chukua zote." Njia nzima ya kurudi Kasese nilihesabu zile 15,000. Ndipo nilipojigundua: nilitaka ukweli unilipe. Lakini ukweli unaolipa kila mara ungekuwa biashara nyingine tu, na kila mjanja angeufanya. Mtume (s.a.w.) amewaahidi baraka muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha. Hakuahidi kwamba baraka hiyo itaonekana kwenye noti siku hiyo hiyo.

Mama yule hajarudi mpaka leo. Shangazi alisema kweli kuhusu hilo.

Ndugu zangu wanachuo, wengi wenu hamfumi. Lakini sote tunakabidhi kazi ambazo anayezipokea hawezi kuzikunja ncha kwa ncha. Hojaji za utafiti zilizojazwa hostelini usiku mmoja, kazi ya kikundi yenye jina la asiyeshika kalamu, barua ya maombi ya kazi yenye ujuzi usiokuwepo: zote zina safu yake ya 17. Msimamizi hataiona. Mwajiri hataiona. Uadilifu ni kuisema. Ihsani ni kurudi nyuma na kuifuma upya muda ungalipo, kabla siku ya harusi haijakaribia, jambo ambalo mimi nilichelewa kulifanya kwa sababu sikuhesabu matundu yangu mapema.

Siku hizi ninaikunja kazi yangu kila baada ya safu tano.

Wabillahi tawfiq.