Furu wa Ziwa Victoria na swali la Muumba

Ziwa Victoria, linalopiga mawimbi ufukweni Bukoba na kuvizunguka visiwa vya Muleba, lilikuwa limekauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Mashapo ya sakafuni mwake yanaonyesha hivyo. Maji yaliporudi, zilitokea humo zaidi ya aina 500 za samaki waitwao furu. Wapo wenye meno ya kukwangua mwani juu ya mawe, na wapo wenye taya za kooni zinazovunja konokono. Wanaotetea hoja ya msanifu mwenye akili husema ufundi wa namna hiyo haujitengenezi. Lakini vinasaba vya furu vinaonyesha jinsi ufundi huo ulivyotokea: koo za samaki wa upande wa Kongo na wa Naili zilichanganyika, kisha uteuzi wa asili ukafanya kazi. Maelezo hayo ni imara. Hata hivyo hayasemi uhai wenyewe ulianzaje, wala hayamkanushi Ruhanga, muumba katika imani ya jadi ya Wahaya wa Bukoba. Papa Pius XII naye, mwaka 1950, aliruhusu uchunguzi wa mageuzi kuhusu asili ya mwili wa binadamu.

Vivyo hivyo, dhoruba za ziwani Wahaya walizihusisha na Mugasha, mungu wao wa ziwa. Lakini ziwa lilipofurika mwaka 2020, chanzo kilichopimwa kilikuwa mvua kubwa, zilizochochewa na joto la Bahari ya Hindi upande wa magharibi mwishoni mwa 2019.