Mwandiko Usio wa Babu

Shangazi yangu wa Chekereni, kijiji cha tambarare chini ya Moshi, ana kisanduku cha bati anachokiweka uvunguni mwa kitanda, na ndani yake, katikati ya vyeti vya ubatizo na stakabadhi za kahawa, imo barua moja. Karatasi yake imeiva kama chai ya maziwa na imekatika kwenye mikunjo. Tarehe haipo, ila bahasha ina stempu ya Mfalme George wa Sita yenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo tunajua iliandikwa kati ya 1938 na 1954 hivi, kabla sura ya Malkia Elizabeth haijachukua nafasi yake. Mwenye barua ni babu, wakati huo kibarua wa reli upande wa Korogwe, kwenye njia ile ile ya kutoka Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Mwandikiwa ni “ndugu yangu mpenzi” aliyebaki kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, huko Old Moshi, mlimani Kilimanjaro.

Nilishuka Chekereni na daftari. Nilitaka nasaba, yaani majina yaliyopangwa kwa mfululizo, huyu kamzaa yule, hadi nifike kwa mtu ambaye nyuma yake hakuna anayekumbukwa. Huyo ningemwita asili yetu. Leo naona nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Nasaba ni mpangilio wa waliotutangulia. Asili ni kile kinachotufanya tujione kuwa ni wao waliotutangulia, si watu wengine. Mtu anaweza kupata orodha ndefu ya majina na bado asisikie chochote moyoni, na mwingine akapewa kanzu ya marehemu akalia. Je, barua ile ilikuwa na lipi kati ya haya mawili?

Kwa nasaba, haikuwa na kitu. Nusu ya kwanza ni salamu. Baadaye inatajwa fedha aliyopewa mtu aipeleke, kisha yanaulizwa maswali matatu kuhusu ng’ombe, kuhusu watoto na mama yao, na kuhusu mfongo, ule mfereji wa wazee unaoteremsha maji ya mlima mpaka migombani: bado unaleta maji kwetu? Hakuna jina la baba yake wala la babu yake. Kwa nini awataje? Aliyekuwa anaandikiwa aliwajua. Barua huacha nje yale hasa ambayo wote wawili wanayajua, na hayo ndiyo tunayoyatafuta sisi tuliochelewa kufika.

Nikamuuliza shangazi: huyu “ndugu” ni wa tumbo moja na babu, au wa mama mwingine, au mtoto wa baba mdogo? Akaniangalia kwa muda.

“Ndugu ni ndugu, mwanangu. Ukianza kuuliza wa tumbo gani, watu watadhani unadai kihamba.”

Nililichukua jibu lile kama ukuta. Siku zilipopita nikaona ni mlango. Kwa desturi ya Wachaga, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio waliokuwa na uhakika wa ardhi ya baba, na wa katikati alitazamiwa kujitafutia. Ardhi ya mlimani ilipobana, wengi wa katikati walishuka tambarare, na wengine walipanda treni. Babu alikuwa wa katikati. Kwa hiyo swali langu la nasaba, nililodhani ni la elimu tu, lilikuwa na makali yake: ndilo swali lililoamua nani abaki na nani aondoke. Naye aliyeondoka, akiwa mbali na mgomba hata mmoja wa kwao, alichagua neno lisilopima umbali wa damu. Lugha yetu ingemruhusu kusema kaka, au mdogo wangu. Akasema ndugu. Huenda ilikuwa mazoea tu ya waandika barua. Mimi nasikia humo mtu anayeomba asihesabiwe nje.

Lakini ni yeye kweli aliyechagua? Kwa dakika nyingi nilikuwa nimeutazama mwandiko: herufi zilizolalia kulia, mkia wa “y” uliovutwa kwa madaha. Nikajaribu kumsoma babu humo, utulivu wake, na pengine kiburi kidogo. Nikamwambia shangazi kwamba babu alikuwa na mkono mzuri. Akatikisa kichwa. Baba yake hakujua kuandika, akasema; hata kwenye karatasi za mshahara aliweka dole gumba. Barua zake aliandikiwa na mtu wa huko huko kazini.

Sikutarajia jambo hili lingenigusa kiasi kile. Kitu pekee kilichobaki kutoka mkononi mwa babu hakikutoka mkononi mwake. Mwandiko ni alama ya mwili: mkono fulani ulipita juu ya karatasi hii, siku fulani, kwa uzito wake. Sauti ni nini basi? Nadhani ni nia inayofika kwa mwingine, hata ikipitia kinywa cha mtu baki. Barua ina mwandiko wa mmoja na sauti ya mwingine. Hata zile salamu, “ama baada ya salamu, nakuarifu”, ni za Kiswahili cha pwani, si za mtu aliyekulia Kichaga. Mgeni asiye na jina alimwazima babu maneno ya adabu, na kwa maneno hayo ukoo wetu ukaingia kwenye karatasi kwa mara ya kwanza. Katika mti wowote wa ukoo nitakaouchora, mtu huyo hana tawi. Hilo naliona kuwa ni upungufu wa mti, sio wake.

Yapo maandishi mengine ya Old Moshi ambayo siwezi kuyaacha. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, pamoja na viongozi wengine, na mafuvu ya watu wa huku yalisafirishwa Ujerumani. Mnamo Septemba 2023, ilitangazwa mjini Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha baadhi ya waliopelekwa na jamaa zao walio hai Tanzania. Fuvu la Meli mwenyewe lilikuwa bado halijapatikana. Mmoja alitambuliwa kuwa mshauri mkubwa wa Meli, na juu ya fuvu lake palikuwa pameandikwa neno Akida. Hilo ni neno la cheo. Aliyeliandika alikuwa anaweka alama kwenye kitu cha kabatini. Hakuwa akimwandikia mtu yeyote. Hata hivyo neno lile, likisaidiana na damu, limewarudishia watu mzee wao. Nashukuru kwamba liliandikwa, na linaniumiza kwamba liliandikwa pale. Vinasaba husema huyu ni wenu. Haviwezi kusema aliwauliza nini, wala kama aliwakumbuka.

Pengine hapo ndipo barua ya babu inapozidi orodha yoyote. Haituambii tulikotoka, ila inaonyesha nani alikuwa anategemea jibu la nani. Wazee wa mlimani walipomwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, penye mimea ya masale na kuyataja majina ya waliolala kihambani, hawakuwa wanakariri taarifa. Walikuwa wanaita, na anayeita husubiri kitu.

Na mama wa watoto je, ambaye barua inamtaja bila jina? Ni bibi yangu. Barua ilisomwa kwa sauti akiwepo, kwa kuwa yeye pia hakusoma, na ndiye aliyeitunza, akashuka nayo tambarare pamoja na sufuria zake. Mwandiko si wake, sauti si yake, jina halimo. Lakini bila uamuzi wake wa kutoichoma kuwashia moto, mimi nisingekuwa na cha kutafakari. Nimeandika jina lake kwenye bahasha, nyuma, kwa penseli, baada ya kuomba ruhusa.

Jioni tulikaa nje, tukitazama majaruba. Chekereni iko chini. Maji ya mto Rau yanapita kwa watu wengi kabla ya kufika hapa, na mpunga wa shangazi ulikuwa unangoja. Aliniomba nimsomee barua yote tena, polepole. Nilipofika kwenye swali la mfongo hakuniacha niendelee. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

“Maji yapo, baba,” akasema. “Yanakuja kwa zamu.”