Simu ya Watu Wote

Tazameni picha za zamani za miji ya Marekani. Karibu na mlango wa duka la dawa, au kwenye kituo cha gari la moshi, mtaona bamba la chuma la rangi ya buluu, na katikati yake imechorwa kengele. Ilikuwa alama ya kampuni ya simu yenye jina la Alexander Graham Bell, yule aliyepewa hati ya simu mwaka 1876. Maana neno «bell» kwa Kiingereza ni kengele. Na maneno ya bamba lile, tukiyaleta katika lugha yetu, ni haya: Simu ya watu wote.

Katika picha za kwanza kibanda cha simu ni cha mbao, kimo ndani ya nyumba kama kabati lenye mlango. Katika picha za miaka ya 1950 kimetoka barabarani, nacho ni cha vioo. Ndani mtu amesimama, mkono wa simu u sikioni. Na pengine nje yuko mtu wa pili, anangoja. Watu wengi humtazama yule wa ndani. Sisi leo tunataka kusema habari za huyu wa nje.

Kwanza tukumbuke kibanda kile kilileta nini. Siku za mwanzo simu ilikuwa mali ya matajiri na wenye maduka. Asiyekuwa nayo alikwenda kuomba kwa mwingine, na mwingine huyo aliweza kukataa. Husimuliwa kwamba William Gray wa mji wa Hartford alihangaika siku moja kutafuta simu apate kumwitia mganga mke wake mgonjwa. Masimulizi ni masimulizi. Lakini jambo la hakika ni hili, kwamba mwaka 1889 simu yake ya kulipia kwa sarafu iliwekwa katika benki moja mjini humo.

Baadaye zikatokea simu zenye matundu matatu. Sarafu ya senti 5 iligonga kengele mara moja, ya senti 10 mara mbili, na ya senti 25 ilitoa mlio mzito. Mtumishi wa simu alikaa mbali, hamwoni mtu. Alisikiliza tu, akajua amelipwa kiasi gani. Sarafu ya maskini na sarafu ya tajiri zililia sauti moja. Aliyekuwa nayo hakuhitaji tena kumpigia mtu magoti.

Basi hapa ndipo swali letu linapoanza. Kitu cha watu wote ni cha nani?

Wengi watajibu upesi: ni cha yule aliyefika kwanza. Jibu hili lina haki ndani yake, tusilidharau. Kufuata zamu ni desturi njema, humlinda mnyonge asisukumwe na mwenye nguvu. Mtu amengoja, zamu yake imefika, amelipa sarafu yake, nani atamtoa? Lakini je, jibu hilo latosha? Sikieni yaliyotokea London.

Tarehe 10 Novemba 1935 nyumba moja ya Wimpole Street iliungua, na wanawake watano wakafa. Jirani alijaribu kuwaita wazima moto kwa simu, lakini wito wake ukawekwa kwenye zamu, pamoja na wa watu wengine wote waliokuwa wakipiga simu saa ile. Hakuna aliyemchukia. Hakuna aliyemruka. Zamu ilifuatwa sawasawa, na moto haukungoja zamu. Jirani yule aliandika barua gazetini kulalamika. Tarehe 30 Juni 1937 mji wa London ukapata namba 999. Mtu akiipiga, taa nyekundu iliwaka mbele ya watumishi wa simu, wakaacha mengine wamsikilize. Na katika vile vibanda vyekundu vya barabarani haikudai sarafu.

Angalieni vizuri walivyofanya. Hawakuvunja zamu. Waliweka sheria nyingine juu yake: aliye katika hatari ya kufa apite mbele. Kumbe, aliyefika kwanza ana haki, lakini haki yake ina mpaka, na mpaka huo ni shida ya mwenzake iliyo kubwa kuliko yake.

Tena kuna lile neno «wote». Ni neno jepesi kuandikwa juu ya chuma, ni neno zito kutimizwa. Mwaka 1915 jimbo la Oklahoma, huko huko Marekani, lilitunga sheria ya kuipa tume ya serikali uwezo wa kuzilazimisha kampuni za simu kuweka vibanda mbalimbali, vya weupe peke yao na vya weusi peke yao, mahali palipotakiwa hivyo. Fikirini jambo hilo! Sauti inayopita katika waya haina rangi. Anayeisikia upande wa pili haoni ngozi. Hata hivyo watu walitaka kutenga sanduku ambamo sauti inatoka. Wazee wetu waliokaa katika miji ya Kongo siku za ukoloni hawahitaji kuelezwa maana yake.

Leo vibanda vile vimekwisha karibu kila mahali. Mwezi wa Mei 2022 mji wa New York uliondoa simu ya mwisho ya barabarani iliyokuwa mali ya mji. Uingereza vibanda vyekundu kadhaa vimegeuzwa kuwa maktaba ndogo za kijiji, na vingine huwekwa chombo cha kuamsha moyo uliosimama. Hapa kwetu wengi walijifunza simu kwenye meza ya barabarani, chini ya mwavuli, nasi tukaiita «kabine». Na hapo pia palikuwa na mtu nyuma yako akingoja.

Je, tukililie kibanda? Hapana. Kibanda kilichafuliwa, kilivunjwa, na asiyekuwa na sarafu alibaki nje yake. Leo mama wa kijijini akishikwa na uchungu usiku, jamaa zake waweza kumwita mwuguzi kwa simu iliyo mfukoni. Hiyo ni faida kubwa, tusiwe wajinga wa kuikana.

Lakini mwalimu mmoja ameondoka, naye ni kile kioo. Aliyesema ndani aliona uso wa aliyengoja nje. Hakuambiwa neno, lakini alijua: maneno yangu yana kipimo, maana yuko mwingine. Simu ya mfukoni haina kioo. Mtu husema apendavyo, wala haoni anayengoja.

Na anayengoja je, amekwisha? Sivyo. Yuko kwenye bomba la maji. Yuko kwenye benchi la zahanati, mtoto mgongoni. Yuko mbele ya dirisha la ofisi, karatasi mkononi, na nyuma ya dirisha karani anacheka na rafiki yake kwa simu. Ukimwuliza karani, atakujibu: simu ni yangu, nimeinunua kwa fedha yangu. Ni kweli, simu ni yake. Lakini saa ile ya kazi, ni ya nani?

Wazee walisema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mara nyingi hamjui kwa sababu hamtazami. Basi, ndugu zetu, kila tunaposhika kitu cha watu wote, kiwe bomba, kiwe njia, kiwe kiti cha kazi, kwanza tugeuze macho tutazame nje. Yuko mtu anangoja.