Mti wa Kuni na Shina la Muhogo



Twaijua sote habari ya mjane wa Sarepta, ambaye Nabii Eliya alimkuta langoni pa mji akiokota kuni. Katika mahubiri twasikia sana juu ya unga wake na mafuta yake, lakini zile kuni twazipita. Walakini mama yule alitoka nyumbani kwa ajili ya kuni, maana unga usiopikwa haumshibishi mtu. Chakula na moto ni ndugu. Basi swali tunalotaka kulifikiri mwezi huu ni hili: Je, ni haki kuiondolea ardhi chakula ili ioteshe moto?

Swali hili hatukulitoa kitabuni. Lilitujia barazani kwetu. Tunacho kipande cha shamba, hakifiki eka moja, tulichorithi kwa wazee. Kwa miaka mingi mjane jirani yetu amelima humo muhogo na viazi kwa ruhusa yetu, bila kodi. Mwaka huu mpwa wetu alikuja kututazama, akasema, "Mjomba, shamba hili halikuleteeni kitu. Tupande mikeshia. Baada ya miaka michache tutawauzia kuni wenye matanuri ya mikate na wachoma chokaa, nanyi mtapata cha kuongezea pensheni." Tukiri kweli: maneno ya pensheni yalituingia.

Tena kijana hakusema upuuzi. Ni kweli umeme ulifika Pemba kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, lakini nyumba nyingi bado zapikia kuni na makaa. Serikali imeweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wapikie nishati safi. Ni shabaha njema. Lakini chungu cha leo jioni hakiwezi kuingoja. Kama hakuna apandaye kuni, watu watazikata mikoko, au wataingia Ngezi, msitu ambao ukiisha hatutaupata mwingine. Apandaye mti wa kuni auhifadhi msitu.

Na siku hizi mti hauishii jikoni. Kule Sweden wakulima hupanda mierebi, huikata kila baada ya miaka mitatu au minne, nayo huchipua tena mashinani. Vipande vyake huchomwa kupata joto la kupasha nyumba za mijini. Wataalamu wengine huzivunja nyuzi za mti mpaka zitoe sukari, kisha sukari ile huichachusha ikawa spiriti ya kuendeshea magari. Sifa kubwa ya mafuta ya namna hii ni kwamba mti unapokua tena hurudisha kutoka hewani kile kilichotoka katika moshi. Mafuta ya kuchimbwa hayana marudio hayo. Lakini hesabu hiyo yataka mti upandwe tena kweli, na yataka ardhi. Hapo kwenye ardhi ndipo penye fundo.

Tuutazame mfano wa nyumbani. Kisarawe, karibu na Dar es Salaam, kampuni moja ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 ili kupanda mibono, ule mti ambao wazee huuita mbono kaburi, mbegu zake zikamuliwe mafuta ya mitambo. Kazi ilianza kwa matumaini makubwa. Mwaka 2011 ilisimama, na wafanyakazi wengi wakarudishwa makwao. Lakini ardhi haikurudi pamoja nao. Kumbe katika ardhi ile ile wanavijiji walikuwa wakipata kuni zao, makaa yao, nguzo na dawa. Yaani moto wa maskini ulizimwa kwa ajili ya moto wa watu wa mbali, na huo nao haukuwaka.

Mtu atasema, "Hayo ni mambo ya makampuni; eka yako yahusu nini?" Yahusu sana. Sisi wa visiwani tunayo desturi tuliyopokea kwa wazee: mtu akikuazima ardhi, waweza kupanda muhogo, viazi na kunde, lakini hupandi mti wa kudumu. Muhogo huvunwa, na ardhi ikawa wazi tena kwa mwenye kuhitaji. Mti hukaa, nao husema, "Hapa pana mwenyewe." Kwa hiyo kupanda mikeshia katika shamba lile si kubadili zao tu. Ni kufunga mlango, na mjane yuko nje.

Je, hatuna haki ya kuufunga? Kwa sheria tunayo. Katika miaka yetu ya chuo cha ualimu tuliwafundisha vijana kwamba haki ya mtu huishia inapoanza haki ya mwenzake. Sasa uzeeni twaona fundisho lile lilikuwa fupi. Mama huyu hana haki ya kuandikwa juu ya shamba letu. Anayo njaa, na mazoea ya miaka mingi tuliyomzoesha sisi wenyewe. Aliyemzoesha mwenzake kutegemea hawezi kuondoa mkono wake kama mtu asiyemjua.

Kwa hiyo, ndugu, atakayeletewa shauri la kupanda miti ya nishati, iwe eka moja au elfu, twamshauri aulize kwanza mambo mawili. Jana ni nani aliyekula katika ardhi hii? Na jambo hili likishindwa, ardhi itarudi kwa nani? Asiyeweza kujibu asipande bado.

Nasi tumeamua hivi. Mikeshia itapandwa mpakani, na kule mawe yalikozidi udongo, ambako muhogo haukuwahi kunenepa. Matawi makavu ataokota mjane, kwa kuwa hata yeye hupika. Mpwa wetu hakufurahi. Alituonyesha hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Fedha tutakayopata haitafika nusu ya ile aliyoitaja, na paa letu litangoja mwaka mwingine kupigwa bati.

Tulipomweleza jirani yetu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, na kivuli cha miti hiyo hakitaufikia muhogo?" Hatukuwa tumelifikiri hilo. Tukaenda naye shambani jioni ile ile, jua likiwa limeinama, tukatazama vivuli vinakoangukia, ndipo tukachomeka vijiti vya kupimia mstari.