Eliya Chini ya Mretemu



Makanisa ya Kenya yalipofunguliwa tena Julai 2020, baada ya kufungwa tangu Machi kwa ajili ya korona, serikali iliruhusu watu 100 tu kwa ibada ya saa moja. Waliopita umri wa miaka 58 walitakiwa wabaki nyumbani. Nami nilikuwa mmoja wao. Mwili ulisalimika, lakini moyo uliugua. Sikulala, chakula kilikosa ladha, hata sala ikanishinda. Niliona haya kusema, nikidhani imani yangu imepungua.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Je, Mungu alimkemea? La! Alimwacha alale, kisha akamtuma malaika amguse na kumpa mkate na maji. Baadaye Eliya alipolalamika kwamba amebaki peke yake, Mungu alimjulisha kuwa wako waaminifu 7,000, tena akampa Elisha.

Basi, ndugu zangu, huzuni ya upweke si dhambi. Anayeumia moyo na aseme, na aende hospitali kama aendavyo mwenye malaria. Nasi tulio wazima tupeleke mkate na maji. Wapo wazee wetu ambao tangu wakati ule hawajasikia hodi mlangoni. Jumapili hii, baada ya ibada, pitia kwa mmoja. Keti, umsikilize.

Bwana awe nanyi. Amina.