Je, kusema "najua" kwaweza kuwa uwongo?

Mtoto akiiba kisha akasema hakuiba, sote twajua kwamba amesema uwongo. Lakini mtoto anayesimama mbele ya darasa na kukariri jambo asilolijaribu, akasema "najua", yeye tumwiteje? Na mwalimu aliyemzoeza hivyo? Nauliza kwa sababu swali hili lilinipata mimi mwenyewe, wala sikulitoka vizuri.

Nalikuwa nikifundisha darasa la saba. Kitabu chetu kilieleza jaribio la mshumaa, ambalo labda ninyi pia mlilisoma utotoni. Mshumaa unasimamishwa katika sahani yenye maji, unawashwa, kisha unafunikwa kwa bilauri. Baada ya kitambo mwali unazimika, na maji yanapanda ndani ya bilauri. Kwa nini? Kitabu kilijibu: moto umekula oksijeni, iliyo sehemu moja katika tano za hewa, na maji yamekuja kujaza mahali pake. Niliandika maneno hayo ubaoni, watoto wakayanakili, tukapita. Jaribio lenyewe hatukulifanya. Mshumaa ni fedha, na wanafunzi walikuwa wengi kuliko madawati.

Siku ya mtihani kijana mmoja akaandika jibu lingine. Alisema amelifanya nyumbani kwao. Alipofunika mshumaa aliona mapovu yakitoka chini ya bilauri. Moto ulipokuwa ukiwaka, maji hayakupanda ila kidogo sana. Ulipozimika, yalipanda mbio. Basi, akaandika, kama moto ungalikuwa unakula hewa na kuacha nafasi, maji yangalipanda polepole tangu mwanzo.

Nikampa sifuri. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Soma kitabu chako."

Usiku ule sikutulia. Nikachukua bilauri kabatini (mke wangu alidhani nimeanza kuchanganyikiwa), nikafanya kama kijana alivyoeleza, nikaona kama alivyoona. Kisha nikasimamisha mishumaa mitatu pamoja, nikaifunika kwa bilauri ileile. Maji yakapanda juu zaidi kuliko kwanza. Hapo kitabu kilikwisha shindwa, maana oksijeni ya bilauri moja haiongezeki kwa kuongeza mishumaa. Kilichoongezeka ni joto. Hewa ikipashwa moto hutanuka, na nyingine hutoka nje kwa mapovu. Moto ukizimika, hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, na hewa ya nje husukuma maji yaingie. Wala oksijeni haikwishi: katika hewa ya kawaida ni kama sehemu 21 katika 100, na mshumaa huzimika zingali zimebaki kama 16. Tena ile iliyotumika huzaa gesi nyingine, nayo hushika nafasi.

Kosa langu basi lilikuwa lipi? Kutojua si dhambi, na hata waandishi wa vitabu ni watu. Kosa langu ni kwamba nilimwadhibu aliyesema alichokiona, nikawasifu waliosema wasichokiona. Siku ile darasa zima lilijifunza kwamba ukweli ni kile kinacholeta pointi. Mtoto aliyeshika fundisho hilo akiwa na miaka 12, akipewa kesho daftari la hesabu za ushirika, ataandika nini ndani yake?

Wengine watasema kwamba mtoto sharti atii wakubwa. Nakubali kabisa. Lakini kinachotiiwa ni amri, si habari. Mzee akiniambia "Fagia uwanja," nafagia. Akiniambia "Mvua inanyesha," nami nimesimama nje mkavu, heshima yangu yote haiwezi kuleta tone moja.

Mtakatifu Alberti Mkuu, Mdominiko wa karne ya 13, ambaye Papa Pio XII alimweka mwaka 1941 awe msimamizi wa wachunguzi wa elimu ya viumbe, alikuta imeandikwa kwamba mbuni hula chuma. Akawatupia mbuni chuma. Wakakataa, lakini mifupa iliyokatwakatwa na changarawe wakaila kwa hamu. Akaandika hivyohivyo, wala hakuwatukana waliomtangulia.

Sisemi kwamba kila jambo lapasa kujaribiwa na kila mtu. Sijapima umbali wa jua, nami nawaamini waliolipima. Kumwamini anayestahili si aibu. Ila hapo niseme "nimeambiwa na waliopima", nisiseme "nimejua".

Kesho yake nilimrudishia kijana karatasi yake, nikaifuta sifuri mbele ya wote na kueleza kwa nini. Juma lililofuata tulifanya jaribio kwa vikundi, kwa vipande vya mishumaa na chupa za kioo zenye mdomo mpana walizoleta kutoka kwao. Tulivunja sahani mbili. Kikundi kimoja kilitia majani ya chai majini ili yaonekane vema. Jambo hilo sikuwafundisha mimi.

Mwishoni msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, mtihani wa taifa ukitaka jibu la kitabu, tuandike lipi?" Nikamwambia aandike alichokiona, na aeleze alivyokiona. Akauliza tena kama pointi zitakazopotea zitakuwa zangu au zake. Hapo nikanyamaza. Jioni ile nilimwandikia inspekta barua, na ndani yake nikatia nakala ya karatasi ya yule kijana.