Je, Ni Haki Kutibu Kabla ya Kujua?

Tuseme una tangi la kioo lenye Tropheus ishirini, wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaokwangua mwani kwenye mawe. Asubuhi moja unaona mmoja amejitenga pembeni, hali chakula, na kinyesi chake ni cheupe na chembamba kama uzi. Kesho yake tumbo limeanza kuvimba. Wafugaji wanauogopa ugonjwa huu kwa sababu huweza kuua kwa siku chache. Dawa ipo: metronidazoli, ileile wanayopewa watu wenye amiba. Je, ni haki kuitia majini kabla hujajua kwa hakika samaki anaumwa nini?

Hapa Bujumbura ninaposomea, wengi wataona swali hili ni dogo. Samaki kwetu ni kitoweo, na mimi mwenyewe simkatai mukeke wa kuchoma. Lakini katika miaka ya 1970 Pierre Brichard alikuwa akisafirisha samaki hai wa mawe kutoka Burundi kwenda ng'ambo, na popote walipofika kuna mtu aliyechukua dhamana ya uhai wao. Dhamana hiyo ndiyo ninayoijadili.

Tabibu wa binadamu hakumchagulia mgonjwa wake hewa ya kuvuta. Mfugaji amechagua maji, chakula, na hata majirani. Ziwani pH iko karibu na 9 na haibadiliki ovyo, kwa hiyo mfugaji mwema huiga maji hayo. Hapo ndipo penye mtego. Amonia inayotokana na kinyesi cha samaki ina sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyodhuru sana. Kwenye joto la nyuzi 25 na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Maji yanayomfaa samaki huyu ndiyo yanayougeuza uchafu kuwa sumu, na samaki aliyeungua mashavu kwa amonia huhema haraka, hujitenga na kuacha kula. Aliyepigwa na dume mkubwa hujitenga vilevile. Tena katika jamii nyingi za sikilidi, jike huatamia mayai mdomoni, na wengi wao hawali kwa wiki kadhaa. Ukikimbilia dawa kwa sababu tu samaki hali, huenda ukamtibu mzazi.

Hata unaposema sababu ni vijidudu vya utumboni, na ukawa umesema kweli, hujamaliza. Vijidudu hivyo huweza kuishi kwa uchache ndani ya samaki mzima, vikazaliana anapochoka au anapolishwa kisichomfaa. Mla mwani akilishwa moyo wa ng'ombe, tumlaumu kijidudu? Kwa hiyo naona uchunguzi uanze kwa mfugaji: apime maji, akumbuke alichowalisha, kisha abadilishe sehemu ya maji kwa mengine yenye joto na pH ileile. Tendo hilo ni sahihi karibu katika kila dhana ya ugonjwa.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga kwamba kungoja nako ni tendo, na samaki hufa huku sisi tunahoji. Ana haki. Dalili nilizotaja mwanzoni zikikutana, nitatoa dawa hata bila darubini. Ninachokataa ni kumimina dawa tatu kwa pamoja kwa matumaini kwamba moja itashika. Baadhi ya dawa huua bakteria wema wa kwenye chujio, wale wanaovunja amonia. Maji huchafuka, samaki huzidiwa, mfugaji hudhani ugonjwa umepanda, na huongeza dawa.

Kuna wale kumi na tisa. Ukimtenga mgonjwa, akirudi huweza kupokewa kama mgeni na kufukuzwa, maana Tropheus huishi kwa vyeo. Ukitibu tangi zima, wazima wanakunywa dawa ya mwenzao. Shuleni huku kwetu watoto wote hupewa dawa ya minyoo bila kupimwa mmoja mmoja, lakini mzazi anaweza kuulizwa. Kwa samaki hakuna wa kuulizwa. Mimi naegemea kutibu wote, kwa sababu maji na chakula chao ni kimoja, ingawa hoja hii hainiridhishi kabisa.

Linabaki suala la yule ambaye magamba yamesimama mwili mzima. Hao wanaopona ni wachache. Mafuta ya karafuu, kama yale ya Zanzibar na Pemba tunayoweka kwenye jino linalouma, humlaza samaki, na kipimo kikizidi haamki. Wapo wanaosema kifo si chetu kukiamua. Sawa, lakini mbona kuhusu maji, chakula na majirani hawakusema hivyo? Mimi ningetumia karafuu, kisha ningepima maji tena kwa ajili ya wale kumi na tisa.